Kabla ya protini kutabiri, fungua mdomo

UKIPITA maskani yoyote hapa Bofu, Likoni, saa za alasiri, utawakuta mabarobaro wameketi kwenye benchi, mfuko wa muguka katikati, njugu na chingamu pembeni. Mmoja atatoa kuberi aibane chini ya mdomo. Mwingine atawasha sigara. Stori zinapigwa: feri iliyochelewa, kazi za bandarini, mpira wa jana. Mara moja moja, katikati ya stori, mmoja hushika shavu na kusema, "Lakini hiki kidonda humu ndani mbona hakiponi?"

Jibu huja papo hapo. "Joto tu hilo, bro. Sukutua na maji ya chumvi." Watu wanacheka, stori zinaendelea, na kidonda nacho kinaendelea.

Tahariri ya leo inahusu kidonda hicho. Inahusu pia habari ambazo huenda umeziona kwenye simu yako: kwamba wanasayansi wanatafuta protini zinazoweza kutabiri ni mgonjwa gani wa saratani ya mdomo atapona na ni yupi ugonjwa utamrudia. Ni habari nzuri, na tutaeleza kazi hiyo inafanywaje. Lakini tuna neno moja la kusema tangu mwanzo, nalo ni hili: protini haiwezi kutabiri chochote kwenye kidonda ambacho hakuna daktari aliyekiona.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Mwaka 2022, kwa hesabu za shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao 390,000 duniani walipatikana na saratani ya midomo na kinywa, na zaidi ya 188,000 walifariki kutokana nayo. Wataalamu wa shirika hilo hilo walikadiria kwamba wagonjwa takriban 120,000 kati ya hao, yaani karibu mmoja katika kila watatu, walipata ugonjwa kwa sababu ya tumbaku isiyovutwa na popoo. Isome tena sentensi hiyo. Siyo sigara iliyotajwa hapo. Ni ile ya kutafuna, ya kubana kwenye fizi, ile ambayo wengi wetu tunajipa moyo kwamba "haina moshi kwa hivyo haina noma."

Wazee wetu wa Pwani wanaijua tambuu. Jani la mtambuu, popoo, chokaa na tumbaku, vyote pamoja viliitwa uraibu, na mgeni akiingia nyumbani alikaribishwa navyo kama leo anavyokaribishwa kwa chai. Neno hilo hilo, uraibu, ndilo tunalolitumia sasa kwa mtu aliyenaswa na kitu asichoweza kukiacha. Lugha ilijua mapema. Sayansi ilifika baadaye: popoo yenyewe, hata bila tumbaku, imewekwa katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Kuna pia ugonjwa unaoletwa na popoo ambapo ngozi ya ndani ya mashavu hukakamaa kidogo kidogo mpaka mtu anashindwa kupanua mdomo vizuri, na ugonjwa huo unaweza kugeuka kuwa saratani.

Na muguka je? Hapa tuseme ukweli bila kuongeza chumvi. Ushahidi kwamba muguka peke yake unaleta saratani ya mdomo haujakamilika. Lakini nani katika maskani zetu anatafuna muguka peke yake? Unakwenda na sigara, na kuberi, na usiku ukiingia unashushwa na pombe. Hapo hakuna ubishi tena. Tumbaku na pombe kila moja inaleta saratani ya mdomo, na zikikutana hatari haijumlishwi tu, inazidishwa.

Sasa turudi kwenye protini. Fikiria wagonjwa wawili. Wote wana saratani ya ulimi, uvimbe wa ukubwa ule ule, wamepasuliwa kwa njia ile ile. Mmoja anaishi miaka kumi na kushika wajukuu. Mwingine anarudi hospitali kabla ya mwaka kuisha, shingo imevimba. Kwa nini? Madaktari wamekuwa wakiuliza swali hili kwa miaka mingi, na jibu wanalitafuta ndani ya seli.

Kazi nyingi ndani ya seli hufanywa na protini. Kuna protini inayoamuru seli igawanyike, kuna inayoizuia, kuna inayoigundisha na jirani yake isitangetange. Seli ikigeuka ya saratani, baadhi ya protini hizi huzidi, nyingine hupotea, nyingine huharibika. Mtafiti anachukua kipande kidogo cha nyama kilichonyofolewa kwenye kidonda, anakigandisha ndani ya nta, anakikata vipande vyembamba kuliko unywele na kuviweka kwenye kioo. Kisha anaongeza kingamwili, ambayo hushika aina moja tu ya protini, na rangi. Palipo na protini hiyo panageuka kahawia. Mwanapatholojia anaangalia kwa hadubini na kuhesabu: seli ngapi katika mia zimeshika rangi, tena kwa nguvu gani.

Protini zilizochunguzwa kwa njia hiyo ni nyingi. Iko p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika isiendelee kuzaana. Katika saratani nyingi za mdomo zinazotokana na tumbaku, mlinzi huyu ameharibika. Iko Ki-67, inayoonekana pale seli inapojigawa, hivyo ikiwa nyingi inamaanisha uvimbe unakua kwa kasi. Jina lake lina stori: Ki ni mji wa Kiel, Ujerumani, na 67 ni namba ya kishimo kwenye sahani ya maabara ambamo kingamwili yake ilipatikana. Iko E-kadherini, ile gundi ya kushikanisha seli. Ikipungua, seli za saratani huachana na kuanza safari ya kuelekea kwenye tezi za shingoni. Iko EGFR, mlango wa kupokea amri ya kukua. Na iko PD-L1, ambayo seli ya saratani huivaa kama kitambulisho bandia ili askari wa mwili waipite bila kuigusa.

Ukisoma orodha hii unaweza kudhani kazi imekwisha: pima protini tano, mwambie mgonjwa mustakabali wake, twende nyumbani. Zii. Mambo hayako hivyo, na kijana anayesoma habari za afya mtandaoni anapaswa kujua kwa nini.

Kwanza, tafiti nyingi za alama hizi zimefanywa kwa wagonjwa wachache. Maabara moja inatumia kingamwili hii, nyingine ile. Huyu anasema seli 10 katika mia zikishika rangi basi alama ipo, yule anasema mpaka zifike 50. Ndiyo maana protini ile ile utaikuta utafiti mmoja unasema inatabiri kifo na mwingine unasema haitabiri lolote. Hali hii iliwachosha wataalamu wenyewe hadi mwaka 2005 wakatoa mwongozo wa kimataifa, unaoitwa REMARK, wa jinsi tafiti za alama za uvimbe zinavyopaswa kuripotiwa ili mtu aweze kuzilinganisha.

Pili, alama zilizopita mtihani na kuingia katika kazi ya kila siku ya hospitali ni chache. Iliyo maarufu zaidi ni p16, nayo si ya mdomo wenyewe bali ya koo la nyuma, kwenye tonsili na shina la ulimi. Uvimbe wa huko ukiwa na p16 nyingi, mara nyingi chanzo chake ni kirusi cha HPV, na wagonjwa wa aina hiyo huwa na matumaini makubwa zaidi. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba miaka 3 baada ya matibabu, wagonjwa 82 katika kila 100 wenye HPV walikuwa hai, wakati wasio na kirusi hicho walikuwa 57. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwongozo wa kupanga hatua za ugonjwa, ulioanza kutumika mwaka 2018, ukawatenganisha wagonjwa hao kabisa. Nayo PD-L1 inasaidia madaktari kuamua nani atafaidika na dawa za kuamsha kinga ugonjwa unaporudi au unaposambaa. Hizo ndizo zilizofika. Nyingine nyingi bado ziko kwenye foleni.

Kirusi hicho cha HPV ndicho kile kile kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, na chanjo yake ilianza kutolewa hapa Kenya Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Kama una mdogo wako wa kike nyumbani, uliza kama amechanjwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Ukimuuliza daktari wa saratani leo ni kitu gani kinachotabiri vizuri zaidi hatima ya mgonjwa wa saratani ya mdomo, hatakutajia protini kwanza. Atakwambia: uvimbe una ukubwa gani, umezama kina gani, umefika kwenye tezi za shingoni au la. Kwa maneno mengine, atakwambia umekuja lini. Katika takwimu za Marekani, saratani ya mdomo na koo ikipatikana ingali pale pale ilipoanzia, zaidi ya wagonjwa 80 katika kila 100 huwa hai miaka 5 baadaye. Ikishasambaa viungo vya mbali, hawafiki 50. Na hiyo ni Marekani, kwenye mashine na dawa za kila aina.

Basi ndugu msomaji, alama yenye nguvu kuliko zote kwa kijana wa Bofu haiko kwenye maabara. Ni tarehe. Ni idadi ya wiki kati ya siku uliyohisi kidonda na siku uliyofungua mdomo mbele ya daktari.

Tukubaliane pia kwamba hatusemi haya ili kutishana. Vidonda vingi vya mdomoni si saratani, na vingi hupona vyenyewe ndani ya wiki mbili. Saratani ya mdomo huwapata zaidi watu waliovuka miaka 40. Lakini mtu wa miaka 45 anayelazwa leo hakuanza kutafuna jana. Alianza akiwa na umri wako, kwenye benchi kama hilo lako, akiambiwa ni joto tu.

Mwezi Mei 2024, Pwani nzima ilizungumza muguka. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Shariff Nassir, alipiga marufuku uuzaji wake, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, wakulima wa Embu wakaja juu, mahakama ikasimamisha marufuku, na serikali ya kitaifa ikasema kaunti haziwezi kuzuia zao linalotambuliwa na sheria. Kelele zilikuwa nyingi. Kila mwanasiasa alisema anawatetea vijana, wa Pwani au wa Embu. Lakini katika kelele zote hizo, nani alipendekeza jambo rahisi kabisa: daktari wa meno aje maskani na tochi, aangalie vinywa?

Sisi tunalipendekeza. Kuangalia mdomo hakuhitaji mashine ya mamilioni. Kunahitaji mwanga, glavu, kijiti cha kukandamizia ulimi na mtu aliyefundishwa anachokitafuta. Wahudumu wa afya ya jamii tayari wanapita nyumba kwa nyumba. Wafundishwe kutambua dalili. Hospitali ya Likoni iwe mahali ambapo kijana mwenye kidonda cha mwezi mmoja ananyofolewa kipande siku hiyo hiyo, na kipande hicho ndicho kivuke feri kwenda maabara, si kijana avuke mara nne kufuata tarehe za miadi. Asiye na kazi ya kudumu akiambiwa "rudi Alhamisi ijayo" mara mbili, mara ya tatu harudi. Hiyo nayo ni alama ya kutabiri, na haihitaji hadubini kuiona.

Kaunti pia isiyasahau maduka. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Kuberi ni tumbaku. Atakayesimama nje ya shule zetu kwa dakika kumi atatuambia kama sheria hiyo inafuatwa.

Kwa watafiti tuna ombi moja. Alama nyingi zinazoandikwa kwenye majarida zimepimwa kwa wagonjwa wa Ulaya, Marekani, India, China na Taiwan. Mdomo wa Mombasa una tabia zake: muguka, kuberi, tambuu, pengine vyote kwa pamoja. Hatuwezi kudhani kwamba protini iliyotabiri vizuri Ulaya itatabiri vizuri Likoni mpaka mtu apime. Na Afrika Mashariki si mgeni katika kazi hii. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Vipande vya uvimbe huo vikasafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Taya zilikuwa za watoto wetu, hadubini ilikuwa ya London. Miaka zaidi ya 60 imepita. Safari hii hadubini nayo iwe ya kwetu.

Inawezekana. Kilifi, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka Mombasa, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kinachofanya kazi tangu 1989, na dunia nzima inakijua kwa utafiti wa malaria. Chuo Kikuu cha Pwani kiko mji huo huo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kinafundisha sayansi ya maabara za hospitali. Wewe uliyepita kemia na baiolojia na sasa umeketi tu ukiambiwa kazi ni bandarini au ughaibuni, jua kuna kazi ya mtu anayepaka rangi kipande cha nyama, akaangalia, akaandika namba inayoamua matibabu ya mtu. Inahitaji macho makini na uvumilivu, na vyote viwili viko Bofu.

Lakini watafiti wakija, waje kwa heshima. Wamweleze mgonjwa kwa Kiswahili kipande chake kitafanyiwa nini, kitahifadhiwa wapi, na majibu yatarudi lini. Mtu asipoelezwa, hofu hujaza pengo. Ndiyo maana bado tunasikia mitaani kwamba kidonda "kikiguswa na kisu kinasambaa." Si kweli. Kunyofolewa kipande hakusambazi saratani ya mdomo. Kuchelewa ndiko kunakoipa nafasi ya kusambaa. Wangapi wamezunguka kwa mganga, kwa duka la dawa, kwa jirani anayejua majani, mpaka walipofika hospitali hakukuwa na cha kutabiri tena?

Kwa hivyo kazi ya leo ni yako. Jioni ukifika nyumbani, nawa mikono, simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu. Toa ulimi, uangalie pande zote mbili, kisha uuinue uangalie chini yake. Vuta shavu la kulia, halafu la kushoto. Funua mdomo wa chini, hasa pale unapobana kuberi. Papasa shingo yako chini ya taya. Unatafuta kidonda kilichozidi wiki tatu, doa jeupe lisilofutika au jekundu, uvimbe, ganzi, damu bila sababu, jino lililolegea lenyewe, maumivu ya kumeza, au mdomo usiopanuka kama zamani. Ukiona kimoja, hospitali kesho, siyo "nitaona." Na daktari akisema kipande kinyofolewe, kubali, kisha uliza maswali mawili: majibu yatatoka lini, na nani atanieleza?

Na rafiki yako akishika shavu maskani na kulalamika, usimwambie ni joto tu. Mwulize: tangu lini? Akisema ni zaidi ya wiki tatu, mwondoe kwenye benchi, umpeleke. Ukiweza kumpunguzia kuberi njiani, bora zaidi, lakini kwanza mpeleke.

Siku moja huenda Hospitali Kuu ya Pwani itapima protini kumi kwa tone moja la mate na kumwambia kijana wa Bofu kila kitu kuhusu kidonda chake. Watafiti wa kupima mate wako kazini na tunawaombea heri. Ila kidonda hakisubiri siku hiyo. Fungua mdomo sasa.